Dawa Haianzii Dirishani

Kila Juni jarida hili huchapisha majina ya wahitimu wa jumuiya yetu, na kila Juni wauguzi hujaza kurasa hadi tunahangaika kupanga picha. Baada yao huja wafamasia, koti jeupe, mama mzazi pembeni na shada la maua. Wanaosomea uzamivu wa kemia au sayansi za dawa hatuna ukurasa wao, kwa sababu hawajahitimu. Wako mwaka wa tatu, wa nne, wa tano. Kwenye sherehe za wenzao wanaulizwa, "Bado unasoma tu?" Nao hucheka na kuchukua sambusa nyingine. Tahariri ya mwezi huu ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanaowauliza.

Tuanze na lililo jirani kabisa. Mtoto anayeishi na VVU huko Kisumu, Mbeya au Bukavu akipewa vidonge vya kuyeyushwa kwenye maji, uwezekano ni mkubwa kwamba ndani yake mna abacavir. Asili ya dawa hiyo ni Chuo Kikuu cha Minnesota, dakika ishirini hivi kwa gari kutoka Brooklyn Park tunakoishi wengi wetu. Profesa Robert Vince, mtaalamu wa kemia ya dawa, alitumia miaka mingi kutengeneza molekuli zinazofanana na malighafi ya DNA, isipokuwa mahali pa sukari aliweka pete ya kaboni, ili kirusi kikiichukua kikidhani ni malighafi yake ya kawaida, ujenzi ukwame hapohapo. Susan Daluge, aliyekuwa mwanafunzi wake, baadaye aliajiriwa na kampuni ya Burroughs Wellcome, na huko akawa miongoni mwa walioifikisha abacavir kwa mgonjwa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Desemba 1998. Chuo kilidai haki yake ya uvumbuzi mahakamani, kikaelewana na kampuni iliyoitengeneza dawa mwaka 1999, na mrabaha uliofuata ukaingiza mamia ya mamilioni ya dola. Tunapita mbele ya majengo hayo tukielekea kazini.

Sisi tukisikia mtoto anasomea dawa, akili inakwenda dirishani: mtu wa kukuhesabia vidonge na kukuambia umeze kutwa mara tatu. Kazi hiyo ni ya heshima na mshahara wake mzuri, zaidi ya dola 130,000 kwa mwaka. Lakini kabla ya kidonge kufika dirishani kuna aliyeibuni molekuli, aliyegundua namna ya kuitengeneza kwa wingi, aliyeifanya ikae ndani ya kidonge miaka miwili bila kuharibika, na aliyeipima. Hao ndio wanaotoka kwenye uzamili na uzamivu tunaouzungumzia.

Na hapa pana jambo la fedha ambalo wazazi wengi hawalijui. Nyumbani tumezoea kwamba masomo yakipanda, ada nayo hupanda. Kwa kemia huku mambo ni kinyume. Anayesomea PharmD, shahada ya miaka 4 ya kuwa mfamasia baada ya angalau miaka 2 ya masomo ya awali, hujilipia, na deni la dola 150,000 halimshangazi mtu. Mikopo yenyewe nayo inabanwa: kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, mkopo wa serikali wa Grad PLUS unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na anayesomea ufamasia amewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Upande wa pili, anayekubaliwa uzamivu wa kemia au wa sayansi za dawa kwa kawaida halipi ada. Idara humlipia, kisha humpa posho na bima ya afya, naye hufundisha maabara za wanafunzi wa shahada ya kwanza au hufanya utafiti kwenye mradi wa profesa. Wala hahitaji kuwa na uzamili kwanza. Huomba moja kwa moja akiwa na shahada ya kwanza. Uzamili ndio ambao mara nyingi hulipiwa kutoka mfukoni. Wapo wazazi ambao wako tayari kuuza kiwanja Kibaha ili mtoto asome uzamili wa kemia wa miaka miwili, ilhali mtoto huyohuyo angeweza kuomba uzamivu usio na ada. Ndugu zangu, ulizeni kwanza.

Wanaotuuma moyo zaidi ni wafamasia waliosomea nyumbani. Tunao humu, wanakesha kwenye nyumba za kulea wazee au wanabeba maboksi ghalani, na vyeti vyao vimefungwa kwenye bahasha. Anayetaka leseni ya hapa aanze kwa kupata cheti cha FPGEC cha wafamasia waliosomea nje, chenye mtihani wake pamoja na ule wa Kiingereza wa TOEFL, ndipo yafuate mafunzo ya vitendo na mitihani ya leseni. Lakini kuna sharti linalowakata wengi. Aliyehitimu tangu Januari 1, 2003 lazima awe amesoma mtaala wa famasia wa miaka isiyopungua 5. Shahada ya Nairobi ni ya miaka 5. Ya Muhimbili ni ya miaka 4, na ule mwaka wa mafunzo kazini unaofuata baada ya kuhitimu hauhesabiwi kuwa sehemu ya mtaala. Kwa hiyo Mkenya na Mtanzania wanaofanya zamu moja, ujuzi wao sawa, mmoja anajiandaa kwa mtihani na mwenzake anaambiwa hana sifa. Huyu wa pili hushauriwa arudie PharmD mwanzo mwisho, kwa mkopo, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano na watoto wawili. Shahada hiyohiyo isiyomfikisha kwenye leseni inaweza kumwombea uzamivu wa sayansi za dawa, na hilo hakuna anayemwambia. Leseni ya dirishani hataipata kwa njia hiyo, tusidanganyane. Atakachopata ni kurudi kwenye taaluma yake.

Na kazi yenyewe ikoje? Chukua kipimo kimoja tu cha kidonge cha paracetamol. Kuna glasi yenye mililita 900 za maji yaliyowekwa sawa kiwango cha asidi, joto nyuzi 37 kama la mwili, na kasia dogo linalozunguka mara 50 kwa dakika. Kidonge hutumbukizwa, saa ikaanza kuhesabu. Dakika 30 zikitimia, dawa iliyoyeyuka isiwe chini ya asilimia 80. Kidonge kinaweza kuwa na miligramu zake 500 kamili, hakuna aliyeiba hata chembe, kisha kikakaa chini ya glasi kizima vilevile. Mgonjwa akikimeza homa haishuki, na watu watasema dawa ni feki. Huenda unga ulishindiliwa kwa nguvu kupita kiasi kiwandani. Huenda gundi ilizidi. Huenda kilikuwa sawa kabisa kilipotoka kiwandani, kikaharibikia kwenye stoo yenye unyevu. Ndiyo maana dawa mpya huwekwa kabatini miezi 6 kwenye joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, halafu hupimwa tena. Aliyekulia Mombasa au Tanga, akakuta chumvi imeloa kwenye kopo, ameshaliona tatizo hilo. Kule maabara anajifunza kinachotokea na namna ya kukizuia, na siku mbaya anaosha vyombo vya glasi hadi saa nne usiku kwa sababu jaribio limegoma kwa mara nyingine.

Ugumu upo, na tuuseme. Uzamivu wa kemia huchukua miaka 5 hadi 6. Posho katika vyuo vingi ni dola elfu thelathini na ushei kwa mwaka, na inakatwa kodi, hivyo anayetegemewa na ukoo mzima atalaumiwa. Kumweleza shangazi wa Morogoro kwamba uko Marekani mwaka wa nne na huna cha kutuma ni mtihani mgumu kuliko ule wa mwaka wa pili wa kupewa ruhusa ya kuendelea na utafiti, ambao nao wapo wanaouanguka wakaondoka na uzamili. Mwaka 2025 fedha za serikali kuu za utafiti zilikatwa, na idara kadhaa zikapunguza wanafunzi wapya. Wenye viza ya F-1, wakimaliza, wanaweza kufanya kazi hadi miezi 36 kwa kibali cha OPT na nyongeza yake ya sayansi, lakini kanuni za viza zinabadilika kila kukicha. Muone wakili, si kundi la WhatsApp. Kubwa kuliko yote ni profesa msimamizi. Kabla hujamchagua, kaa na wanafunzi wake yeye asipokuwepo, uwaulize waliopita walimaliza kwa miaka mingapi na sasa wako wapi. Wakitazamana kabla ya kujibu, tafuta mwingine.

Kazi zipo huku, na nyumbani zinaongezeka. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Tanzania, ambayo leo inaitwa TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya 3 ya udhibiti. Wakala wa Dawa wa Afrika umepewa makao yake Kigali. Na masomo yenyewe yamewahi kuvuka bahari: maprofesa Stephen Byrn na Kari Clase wa Chuo Kikuu cha Purdue wamewahi kwenda Moshi, kwenye Chuo cha Famasia cha Kilimanjaro, kuwafundisha utengenezaji na udhibiti wa dawa watu wa viwandani na wa mamlaka za serikali kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mwenye mdogo wake nyumbani anayetaka njia hii asidhani lazima aanzie ubalozini.

Kwa walio hapa, kalenda ndiyo hii. Vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Desemba, na jibu la ofa yenye posho hutakiwa kufikia Aprili 15. Barua tatu za mapendekezo ziombwe Septemba, tena kwa walimu waliokuona maabara; barua ya mchungaji au imamu haitasaidia hapa, hata iwe nzuri namna gani. Katika maelezo yako usiandike kwamba unapenda kusaidia watu, maana waombaji wote wanapenda. Andika jaribio ulilolifanya, lilipokwama, na ulichofanya baada ya hapo. Idara nyingi hazitaki tena mtihani wa GRE, na nyingine husamehe ada ya maombi ukiomba msamaha huo mapema.

Ada hizo, pamoja na gharama ya kuthibitisha vyeti vya nyumbani, ndizo zinazowakwamisha wengi. Mtu akiomba vyuo sita, mamia ya dola yamekwenda kabla hajajibiwa na hata kimoja. Jumuiya huchangishana kwa ajili ya ukumbi, muziki na pilau ya wahitimu kila Juni, na hatujawahi kusikia mtu akinung'unika. Pendekezo letu kwa kamati ya elimu ni kwamba sehemu ya mchango huo itengwe kulipia maombi ya wanaoomba uzamivu wa sayansi, wakiwamo wafamasia wetu wa zamu za usiku, na kwamba wanafunzi wetu walio tayari maabara waombwe kusoma rasimu za maombi hayo kabla hayajatumwa. Hoja itakuwa mezani kwenye mkutano mkuu wa Agosti. Anayepinga naye aje, tuisikie sababu yake.