Leo Wamefunga Telegram, Kesho Watafunga Darsa Lako



Hebu kumbuka Novemba 2024. Ulifungua Telegram asubuhi, ikazunguka weee, haifunguki. Ukazima simu ukawasha. Ukanunua bando jingine. Mwisho ukampigia yule jamaa wa waifai ya mtaa ukamfokea: "Mbona nimelipa na mtandao haushiki?"

Mimi siku hizo nilikuwa dukani kwa jamaa kama huyo. Ni kijana wetu tu. Alikopa kwenye chama, akanunua vifaa, akavuta faiba na kuwauzia majirani. Simu yake haikunyamaza. Mama mmoja ambaye darsa lake la tajwidi liko Telegram alitaka arudishiwe pesa zake. Na huyu kijana hakuwa amefunga chochote! Yeye mwenyewe ananunua intaneti kwa kampuni kubwa, na huko juu ndiko amri ilikotekelezwa. Yeye alipata lawama, na wateja watatu wakamhama.

Sasa amri ilitoka wapi? Mamlaka ya Mawasiliano iliziandikia kampuni za simu na intaneti barua, ikazitaka zizuie Telegram mpaka mitihani ya KCSE iishe. Sababu iliyotolewa ni kwamba kuna watu wanauza karatasi za mtihani humo. Mwaka wa 2023, msimu wa mitihani, tuliona mambo hayo hayo.

Sitetei wezi wa mtihani. Wakamatwe, wapelekwe kortini. Lakini kwani muuza karatasi feki na yule mama wa tajwidi ni mtu mmoja? Mbona wote wameadhibiwa kwa barua moja?

Kampuni ikipata barua kama ile hufanya nini? Anayeiandikia ndiye anayeipa leseni. Ikikataa, inahatarisha biashara nzima. Ikikubali, inawakosea wateja waliolipa. Kwa hivyo inakubali, na mara nyingi inanyamaza. Imegeuzwa askari wa mtandao, tena askari asiyelipwa, maana vifaa vya kuchuja, wahandisi na hasira za wateja vyote ni juu yake. Kampuni kubwa itavumilia. Kijana wa waifai ya mtaa atafunga duka.

Tena kuchuja si kama kuchambua mchele, utoe jiwe ubakishe punje. Tovuti nyingi siku hizi zimesimbwa. Kampuni inaweza kuona umeingia YouTube, lakini haioni umetazama video gani. Ukiiambia izuie video moja, njia iliyo nayo ni kufunga YouTube nzima. Pakistan walijaribu Februari 2008. Serikali iliamuru YouTube izuiwe kwa sababu ya video iliyoonekana kuutusi Uislamu. Pakistan Telecom ikatekeleza, ikakosea njia za mtandao, na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kwa karibu saa mbili. Urusi nao, Aprili 2018, wakitaka kuizima Telegram, walifunga mamilioni ya anwani za mtandao. Biashara zisizohusika zikaanguka na Telegram ikaendelea kufanya kazi. Mwaka wa 2020 wakaondoa amri yao wenyewe.

Kisa cha Pakistan nimekileta makusudi. Najua baadhi yetu tunasema, "Acha wafunge uchafu, si ni haramu?" Mimi pia sitaki uchafu ule, na picha za kudhalilisha watoto ni jinai. Lakini ukishaipa serikali kufuli na ufunguo bila hakimu, si wewe utakayechagua mlango wa kufungwa.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Oktoba 15, 2025, Rais Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Kamati ya kitaifa inayosimamia mambo hayo imepewa uwezo wa kuamuru tovuti au programu ifanywe isifikike, ikithibitishwa kwamba inaendeleza uhalifu, ugaidi, uchafu unaohusu watoto, au itikadi kali za kidini na ibada potofu.

Ithibitishwe mbele ya nani? Kipengee hicho kinaipa Kamati mamlaka ya kuamuru. Hakimu hakutajwa. Na "itikadi kali za kidini" ni nini, nani anapima? Baada ya Shakahola kila Mkenya anajua kuna imani inayoua. Lakini wewe kijana wa Kisauni, wa Eastleigh, wa Garissa, unajua jina hilo likitajwa macho yanageukia wapi. Tumeona vijana wakibebwa bila mashtaka. Sasa fikiria shekhe anakemea mauaji ya kiholela kwenye khutba, video inasambaa, mtu ofisini anasema huo ni uchochezi. Barua inatoka na kampuni inatii. Wewe unaona tu mtandao haushiki.

Msiniambie korti imeshamaliza mambo. Oktoba 22, 2025, Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu za kifungu cha 27, kile cha unyanyasaji mtandaoni. Uwezo wa kufunga tovuti hauko kwenye kifungu hicho. Na Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda kuzuia intaneti isikatwe. Juni 25 mwaka huo huo, siku ya maandamano, watu wakashindwa tena kufungua Telegram. Mwaka mmoja nyuma, Juni 25, 2024, intaneti ilidorora wakati waandamanaji wako Bungeni. Kampuni zikasema ni nyaya za chini ya bahari. Labda ni kweli. Lakini amri zikiwa za siri, hata kampuni inayosema kweli haiaminiki. Hiyo nayo ni hasara yao.

Basi tunadai nini? Tovuti isifungwe bila amri ya mahakama. Amri itaje ukurasa au mtu mahususi, sababu, na siku ya mwisho. Itangazwe, na aliyefungiwa asikizwe. Katiba inatupa hayo: Kifungu cha 33 juu ya kujieleza, cha 35 juu ya kupata habari, cha 47 juu ya uamuzi wa haki serikalini. Dini yetu nayo inatufundisha kuhakikisha kabla ya kuhukumu.

Nanyi wenye kampuni: msituambie "hitilafu ya mitambo" mkiwa na barua mezani. Itoeni barua hadharani, nendeni kortini. Sisi ndio tunaowalipa kila mwezi.

Na wewe unayesoma, mtandao ukigoma siku yenye maandamano au mtihani, usimfokee kijana wa mtaa. Piga picha ya skrini, andika saa, andika kampuni na mahali ulipo. Iulize kampuni yako kwa maandishi: mmepewa amri? Tuma jibu hapa inboksi. Wakili hawezi kwenda kortini na malalamiko ya barazani, anahitaji ushahidi. Tuanze kuukusanya sasa, kabla barua nyingine haijaandikwa.