Mlipe anayekaa na daftari lako

TAMBARARE NA MLIMA
Na Namsifu Mbwambo

Andiko lilikuwa na kurasa 31, limebanwa kwa waya na kufunikwa plastiki inayong'aa. Mama mwenye mgahawa, mtaa wa pili kutoka stendi ya mabasi hapa Same, alilitoa ndani ya khanga akaliweka mezani kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja. Alikuwa amemlipa mshauri wa biashara shilingi 300,000 amwandalie. Nilipofika ukurasa wa tisa nikasoma kwamba mgahawa huo uko jirani na kivuko, mahali wasafiri wanaposubiri pantoni.

Same haina kivuko wala pantoni. Mshauri alichukua andiko la mtu wa mkoa mwingine, akabadilisha jina la mwenye biashara, mengine akayaacha kama yalivyokuwa.

Nilimsomea sentensi ile mara mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, sasa hii laki tatu nimenunua nini?"

Swali lake nimekaa nalo tangu siku ile. Wafanyabiashara wadogo wa wilaya hii, kuanzia Hedaru na Makanya hadi Mamba, Gonja na Ndungu, wameanza kuambiwa kwamba biashara isiyo na mshauri haiendi. Mimi pia naamini mshauri anafaa. Ila anayeuzwa kwetu mara nyingi ni mwandishi wa maandiko, na andiko ni njia ya kupata mkopo tu. Tangu sheria ya 2018 halmashauri zote nchini zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024, na iliporejea ilirudi na foleni ya watu wanaotafuta wa kuwaandikia. Fedha ni nzuri, masharti yake ni afadhali mara mia kuliko ya mikopo ya kausha damu inayowafukuza akina mama majumbani mwao siku ya marejesho. Lakini mtu akishakuandikia kurasa 31 na kuondoka, biashara yako inabaki palepale ilipokuwa, safari hii ikiwa na deni. Huyo hakukupa shauri. Amekuambia shauri yako.

Nilimwomba yule mama anionyeshe daftari la mauzo. Hakuwa nalo. Amepika miaka kumi na moja, wateja anawajua kwa majina, wanaokula kwa mkopo anawakumbuka kichwani, na faida yake huipima kwa kutazama kibubu jioni. Nikamuuliza kwa nini haandiki. Akajibu kwa sauti ya chini: "Nikiandika, wakija wa kodi watajua."

Hofu hiyo haikuzaliwa jana huku kwetu. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka vijijini mwao milimani wakaja kupiga kambi hapa hapa Same, makao ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Kodi ya kichwa waliizoea, hata kama hawakuipenda. Mbiru ilikuwa jambo jingine, kwa kuwa kiwango chake kilitegemea mali ya kila mtu, na ili kukipanga ilibidi watu wakadirie mashamba yako, mifugo yako na kipato chako. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mwenyeji wa Upare, aliandika kitabu kuhusu vuguvugu hilo mwaka 1971. Kila ninapomwona mfanyabiashara wa leo akificha mauzo yake hata kwa mwenzi wake, nawakumbuka wale wazee. Walikuwa na sababu. Waliohesabu mali yao hawakuwahesabia wao.

Sasa mambo yamegeuka, na ni mshauri gani amemweleza mama huyu? Chukua mwenye genge anayeuza milioni 5 kwa mwaka. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyetunza kumbukumbu alipangiwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alipangiwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, na kwa genge letu hiyo ni shilingi 30,000. Mwenye mauzo ya milioni 8 asiye na daftari alipangiwa 250,000, aliye nalo 120,000. Kwa huyu wa pili, daftari la shilingi 2,000 liliokoa zaidi ya laki moja. Mshauri ambaye hajakuambia hili siku ya kwanza, kabla hajazungumzia mkopo, sijui anakushauri nini.

Najua kuna wanaoshauri madaftari mawili, moja la mamlaka ya kodi na jingine la benki. Mtu akikuletea ushauri huo, mfungulie mlango atoke. Siku mambo yakiharibika, anayeitwa ofisini ni wewe.

Nisionekane nadhani daftari peke yake ni dawa. Watafiti Dean Karlan, Ryan Knight na Christopher Udry waliwafuatilia mafundi cherehani 160 wa Accra, Ghana. Baadhi yao waliletewa bure, kwa mwaka mzima, washauri wa kampuni kubwa ya kimataifa ya uhasibu. Mafundi wale walisikiliza, wakaandika, wakafuata walichoelekezwa, na faida haikupanda. Washauri walipoondoka, mafundi wakarudia mwendo wao wa zamani. Si kwamba walikuwa wavivu. Kwa mtazamo wangu, ushauri uliletwa na watu ambao hawakuijua kazi ya cherehani, kwa hiyo ulikaa juu ya biashara bila kuingia ndani yake.

Karibu na sisi, Dandora jijini Nairobi, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwagawa wanawake wenye biashara ndogo. Wengine walipelekwa darasani kufundishwa biashara. Wengine kila mmoja aliunganishwa na mwanamke mwenyeji wa Dandora, aliyeimarika katika biashara ya aina ileile. Matokeo yalichapishwa 2018. Darasa halikuongeza faida. Waliounganishwa na wenyeji wenye uzoefu faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20, na sababu kubwa ilikuwa ya kawaida kabisa: walionyeshwa mahali pa kununua bidhaa kwa bei nafuu. Wengi walipoacha kukutana na wale wenyeji, faida ile nayo ikaanza kuyeyuka.

Hapo kwenye bei ya kununulia ndipo nataka kurudi mgahawani. Siku chache baada ya kusoma lile andiko, nilimpeleka mama kwa mzee mmoja aliyestaafu ukarani katika chama cha ushirika. Mzee hakutaka kuliona andiko. Alitaka Jumapili sita alasiri, sahani ya chakula na shilingi 10,000 kila akija. Jumapili ya kwanza alikaa jikoni akahesabu sufuria. Ya pili akapima unga, mafuta na mkaa wa chapati, akamwonyesha kwamba chapati anayoiuza inamrudishia gharama yake na senti chache tu juu, wakati maharage aliyokuwa akiyadharau ndiyo yanayolipa pango. Ya tatu akaandika orodha ya makondakta na mafundi wanaokula kwa mkopo. Mama alilia aliposomewa jumla.

Jumapili ya nne ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Mzee aliuliza: "Mama, mchele unachukua wapi?" Jibu likawa duka la jirani, kilo nane kila asubuhi, kwa bei ya rejareja. Mzee alizaliwa upande wa Gonja, anawajua wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Ndungu wilayani humu humu. Akapiga simu mbili. Ukitoa nauli ya gunia, tofauti ilikuwa shilingi 400 kwa kilo. Kilo nane kwa siku ni 3,200. Kwa siku 26 za kazi ni 83,200 kwa mwezi. Kwa mwaka inakaribia milioni moja. Miaka kumi na moja mama huyu alikuwa akimpa mwenye duka mtaji ambao leo anautafuta kwa andiko.

Mzee yule hana cheti cha ushauri wa biashara, wala hajawahi kujiita mshauri. Anajua hesabu, na anajua mchele unatoka wapi. Hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja mwaminifu, mlipe.

Kuna wanaozijua hesabu vizuri lakini hawana sifa ya pili. Hao pia wana kazi yao, ilimradi uwalipe kwa ile wanayoiweza. Stephen Anderson na David McKenzie walilinganisha njia hizi Nigeria, matokeo yakachapishwa 2022: kumlipa mtu akufanyie uhasibu na masoko kulizaa zaidi kuliko kupelekwa kwenye mafunzo, na kulizaa angalau sawa na mshauri kamili kwa takriban nusu ya gharama. Hili linanigusa sana, kwa sababu huku kwetu tumekazana kuwageuza akina mama kuwa wahasibu kwa semina za siku mbili, ilhali mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto hana jicho la kuandika safu za mauzo saa tatu usiku. Kuna vijana Hedaru na Same mjini wenye stashahada za uhasibu wanaokaa vijiweni. Kazi yao ni hiyo.

Kabla hujamlipa yeyote, fika kwanza kwenye huduma ambazo tayari unazilipia kwa kodi yako. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama sisi. Anayesaga tangawizi ya Mamba na kutaka alama ya ubora ya TBS huanzia SIDO kwa barua ya utambulisho, na nimekutana na dada aliyemlipa mtu wa kati fedha nyingi kwa barua hiyo hiyo. Lawama yangu kwa serikali ni umbali. Ofisi ya SIDO ya mkoa iko Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Same mjini, na anayeshuka kutoka milimani ana safari nyingine kabla hajaiona lami. Kwenda ni kufunga biashara kutwa nzima. Afisa biashara wa halmashauri yuko karibu zaidi, na ana wajibu wa kukusikiliza hata kama hujaja kukata leseni.

Ukiona bado unahitaji wa kulipa, sikiliza jinsi anavyodai malipo. Anayetaka asilimia ya mkopo utakaopata ana haja na deni lako, na kadiri deni linavyokuwa kubwa ndivyo anavyopata zaidi. Mlipe kwa kazi na kwa hatua, mkubaliane kwa maandishi ya Kiswahili unachokielewa mwenyewe. Muulize amemsaidia nani hapa Same, kisha nenda ukamwone huyo mtu. Daftari libaki kwako, namba za siri za simu na za kodi zibaki kwako. Na kama hajakanyaga jikoni kwako, stoo kwako au shambani kwako, bado hajaanza kazi hata kama amekupa kurasa 100.

Wazee wetu walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kumwagilia, milimani. Maji ya kijito huzibwa usiku, asubuhi hufunguliwa na kila shamba hupata kwa zamu, na ndiva ikivuja hawakukaa kusubiri mtu wa mbali: msaragambo uliitishwa, kila kaya ikatoa mikono. Mtaji wa mfanyabiashara mdogo unavuja kwa namna hiyo hiyo, usiku, hakuna anayeona, na mtu mmoja peke yake hawezi kumlipa wa kuziba.

Ndiyo maana naviomba vikoba vya wilaya hii, ambavyo vingi vinakutana kila wiki kununua hisa na kukopeshana. Safari hii, kabla hamjavunja kikoba na kugawana, jadilini jambo moja. Wanachama kumi wakitoa shilingi 15,000 kila mwezi wanapata 150,000, inayotosha kumlipa kijana mmoja wa hesabu azungukie kila biashara mara mbili kwa mwezi, akae na daftari, aulize kila kitu kimenunuliwa wapi na kwa bei gani. Bei ya mchele aliyoikuta kwa mmoja ataipeleka kwa wote kumi. Mpeni miezi sita, kisha fungueni madaftari mbele ya kikao muone kama anastahili kuendelea. Kikundi kitakachoanza, naomba kiniite nije nikae kwenye kikao hicho.