Jembe Si Fimbo

Katika shule nyingi za Uganda mtoto aliyechelewa kengele hupewa jembe. Aliyepiga kelele darasani hupewa jembe. Aliyenong'ona kwa lugha ya mama yake mahali palipokatazwa, naye pia hupewa jembe, akaoneshwa kipande cha ardhi nyuma ya vyoo na kuambiwa asirudi darasani mpaka amekimaliza. Wenzake humchungulia dirishani wakicheka. Kitakachopandwa hapo, kama kitapandwa kitu, hatakiona tena mpaka kimeingia jikoni kwa mwalimu mkuu. Malezi ya namna hiyo huendelea miaka 7 ya shule ya msingi na miaka 6 ya sekondari. Kisha wazee hushangaa kwamba kijana wao, akiisha kupata kazi na nyumba yenye uwanja, huupanda nyasi za kukatwa kwa mashine na kumtuma mtumishi sokoni akanunue fungu la nakati.

Sisi hatushangai. Miaka 13 yatosha kumfunza mtu yeyote kuchukia kitu chochote. Mwaka 2016 Sheria ya Watoto ilirekebishwa na viboko vikapigwa marufuku shuleni, nasi tukafurahi. Lakini wako wenzetu walioiweka fimbo kabatini kwa mkono wa kushoto na kulitwaa jembe kwa mkono wa kulia, wakidhani kwamba wametii sheria. Hao ndio tunaokusudia kuwajibu leo, pamoja na wale wengine, wapole zaidi, wasemao kwamba habari za bustani na sufuria si za jarida la walimu wa Kiswahili bali ni za bwana shamba.

Na tuanze na hao wapole. Je, wamesahau jinsi lugha yetu ilivyofika katika nchi hii? Kwa watu wengi wa rika la wazazi wetu, Kiswahili kilifika mlangoni kikiwa kimeshika bunduki. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini mwananchi wa kawaida hakukisikia katika hadithi wala katika wimbo wa kumbembeleza mtoto. Alikisikia kizuizini barabarani, katika amri ya kulala kifudifudi na kutoa alicho nacho. Ndiyo sababu hata leo wako akina mama wa makamo mjini Kampala ambao wakilisikia neno la Kiswahili usiku huukaza mkoba kwapani. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Yote hayo ni mema, nasi hatuyabezi. Hata hivyo, azimio la mawaziri huishia kwenye ubao wa matangazo. Halivuki kizingiti cha nyumba ya mtu. Jembe na Kiswahili vimepatwa na msiba mmoja: vyote viwili vilitumiwa kuadhibu kabla ya kutumiwa kulisha. Anayetaka kukitoa Kiswahili kinywani mwa askari na kukitia kinywani mwa mama hana mlango ulio karibu kuliko mlango wa jikoni, na nyuma ya mlango huo ndipo ilipo bustani.

Sasa tazameni jinsi mlango huo unavyopitwa bila kubishwa hodi. Mwanafunzi wa Masaka au wa Mukono huja darasani na maarifa makubwa ya mboga. Aijua nakati, aijua ddodo na bbugga, ajua kwamba ensugga ina uchungu na kwamba jjobyo ina uchungu zaidi, tena ajua ni ipi bibi yake huipenda na ni ipi huwapa wageni. Likifika somo la mboga na matunda, mwalimu humbandikia ukutani picha ya kabichi, ya karoti na ya tufaha, hilo tufaha ambalo huenda hatalionja mpaka aoe. Mtoto hukariri. Atokapo darasani ameamini kwamba vile alavyo kwao havina jina katika Kiswahili, na kwa kuwa havina jina, si mboga bali ni majani tu.

Uongo huo waweza kuondolewa kwa dakika tano na kipande cha chaki. Ddodo ni mchicha, na bbugga ni mchicha mwekundu. Ensugga ni mnavu. Jjobyo ni mgagani, ambao jirani zetu wa Rwanda na Burundi huuita isogi. Entula ni ngogwe, au nyanya chungu kama wengine wasemavyo. Yale ambayo Mwacholi huyaita boo ni majani ya kunde, na hakuna jiko la Mswahili lisiloijua kunde. Kumbe mtoto yule alikuwa amekuja na nusu ya somo mfukoni!

Inabaki nakati. Hii ni ndugu wa damu wa nyanya chungu, isipokuwa wakulima wa Buganda waliichagua na kuilea kwa ajili ya majani yake badala ya tunda, na Kiswahili cha pwani hakina jina lake lililozoeleka. Basi na tuseme nakati. Twajua kuna wasafi wa lugha watakaokunja uso. Tungependa watuambie walikunja uso wa namna gani siku ilipoingia kabichi kutoka kwa Mwingereza, au bamia kutoka kwa Mwarabu. Wenzetu wa Bukavu na Goma huita mchicha lengalenga, na kisamvu wakakiita sombe. Wanapika, wanakula, wanasimulia kwa Kiswahili chao, na lugha haijafa kwa hayo. Ikiwa Kiswahili kina nafasi kwa tufaha, kinayo nafasi kwa nakati.

Tusije tukaeleweka vibaya. Kabichi twaiheshimu, huvumilia safari na hukaa siku nyingi bila kuharibika. Lakini yale majani yake ya ndani yaliyofifia hayakaribii majani ya kijani kibichi cha mchicha au ya kunde kwa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Uganda walio chini ya miaka 5, watoto 29 walikuwa wamedumaa. Na katika kila 100 wenye umri wa kuanzia miezi 6 mpaka kutimia miaka 5, watoto 53 walikuwa na upungufu wa damu. Hatusemi, la hasha, kwamba fungu la mchicha litafukuza malaria na minyoo, ambayo nayo hula damu ya watoto. Twasema kwamba katika nchi yenye misimu miwili ya mvua na udongo kama huu, mtoto kula ugali au matoke na mchuzi wa chumvi tu, siku baada ya siku, huku uwanja wa nyumba umeota nyasi za pambo, ni aibu.

Na mapishi yenyewe yana elimu ambayo darasani haijapewa kiti. Mwanamke wa Buganda afungaye nakati katika jani la mgomba na kuiweka juu ya matoke ili iive kwa mvuke hajapata kusikia hotuba juu ya vitamini, lakini hakuna maji anayoyamwaga, na kwa hiyo kinachoyeyuka majini hakimponyoki. Kule Lango na Acholi majani machachu ya malakwang huungwa kwa odii, yaani karanga na ufuta vilivyosagwa pamoja. Na mafuta hayo ndiyo yanayousaidia mwili kuipokea ile karotini, ambayo bila mafuta hupita tu kama mgeni asiyekaribishwa. Mgagani hutiwa maziwa kupunguza ukali wake. Madini ya chuma yaliyomo katika majani hupokewa vizuri zaidi penye nyanya au ndimu, na huzuiwa na chai inywewayo pamoja na chakula, desturi ambayo imeenea mno siku hizi. Kosa moja la jikoni twapenda kulitaja, maana limekuwa fasheni: kutia magadi ili mboga ibaki kijani na ilainike upesi. Rangi hupendeza, lakini vitamini C huuawa. Mchicha mchanga hauhitaji magadi. Wahitaji sufuria iliyokwisha pata moto, kitunguu, nyanya, na mpishi asiyeondoka kwenda kuzungumza na jirani.

Jaribuni kuhesabu ni vitenzi vingapi vya Kiswahili vimo katika sahani moja ya mboga: kuchuma, kuchambua, kuosha, kukatakata, kuchemsha, kuunga, kukaanga, kukoroga, kuonja, kuepua, kupakua. Mwalimu anayevifundisha kwa kuviandika ubaoni atavirudia muhula mzima. Anayevifundisha mbele ya jiko la mkaa, mboga zikiwa zimechumwa dakika chache zilizopita na wanafunzi wenyewe, ataona vimebaki vichwani.

Watu wa mjini hutuambia: ardhi iko wapi? Swali hili linatoka katika vinywa vilivyosahau upesi. Baada ya Wahindi kufukuzwa mwaka 1972 biashara ilipooza, chumvi na sukari vikawa vya kutafutwa kwa magendo, na mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi hata sabuni. Wakati huo Kampala ililima. Ililima uani, ililima mabondeni, ililima kandokando ya reli, ingawa kanuni za mji zilikataza. Na askari wa baraza la mji walipofyeka, wenyewe walipanda tena. Ilikuwa mpaka mwaka 2006 ndipo mji ulipotunga sheria ndogo za kutambua kilimo hicho. Waliozaliwa miaka ile wamelelewa na bustani ambayo leo wanadai haiwezekani.

Tena wasiokuwa na hata uwanja wana gunia. Hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati hupitishwa nguzo ya kokoto ili maji yafike chini, na ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia. Mchicha hauna madai makubwa: mbegu zake ndogo huchanganywa na mchanga ili zisimwagike pamoja, na kwa majuma manne hivi huwa tayari kuchumwa. Jambo la kuangalia ni mahali. Wataalamu waliopima mboga za Kampala mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta madini ya risasi katika majani ya kando ya barabara kubwa. Mabonde yapokeayo maji machafu ya mji nayo si pa kuaminiwa. Hilo nalo ni sababu ya kupanda nyumbani, kwa maana fungu la sokoni halina kinywa cha kusema limetoka wapi.

Twarudi kwa wenye majembe. Twaomba, na si kwa upole sana, kwamba katika kila shule ambamo yumo mwanachama wa chama hiki, kulima kufutwe katika orodha ya adhabu. Mtundu na apewe adhabu nyingine, akose mchezo, aitiwe mzazi. Bustani wapewe wanafunzi wazuri kama heshima, kwa zamu, na kila kitanda kiwe na kibao chenye jina la mmea kwa lugha ya mahali hapo na kwa Kiswahili. Mavuno yaingie katika sufuria ya wanafunzi. Wako walimu wakuu watakaoliona hilo la mwisho kuwa ndilo gumu kuliko yote, nasi twaelewa kwa nini. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kule Mukono kimefanya utafiti juu ya nakati hii hii ambayo shule zetu huiona kuwa majani. Itakuwa ajabu wataalamu waipe maabara, na mwalimu wa lugha ainyime hata mstari mmoja ubaoni.

Kwa watakaoanza muhula ujao: miche michache ya nakati iachwe bila kung'olewa mpaka vitunda vyake viwe vyekundu, vikamuliwe majini, mbegu zikaushwe kivulini na kuhifadhiwa katika majivu. Kitanda kimoja chaweza kutoa mbegu za kuwagawia wanafunzi wa darasa zima, kila mmoja akaondoka nazo kwenda kwao siku ya kufunga shule, zikiwa zimefungwa katika karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake namna ya kuzipanda na namna ya kuzipika, kwa Kiswahili.