Ratili Ina Wakia Kumi na Sita

Orodha ya msamiati waliyogawiwa wanachama wapya mwanzoni mwa muhula huu ina ukurasa wa vipimo, na kwenye ukurasa huo tumesoma "aunsi" na "paundi". Wakia hamna, ratili hamna. Sisi wanachama wachache tunaoandika hapa tunaomba ukurasa huo ubadilishwe kabla orodha haijachapwa tena.

Mtasema ni jambo dogo. Lilimkosesha bibi mmoja usingizi.

Mwenzetu alipata mpwa wake wa kwanza hapa London. Shemeji yake, Mwingereza, akawatumia jamaa ujumbe kwamba mtoto amezaliwa na paundi 7 na aunsi 6. Mwenzetu akampigia bibi yake Unguja. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Bibi, mtoto ana paundi saba nukta sita." Bibi akauliza, "Paundi za fedha?" Wakacheka. Basi mwenzetu akageuza 7.6 kuwa kilo kwa simu yake, akapata kilo 3 na gramu 447, akamtajia bibi. Kesho yake ikafika picha ya kadi ya kliniki: gramu 3,345. Bibi akaona mjukuu amepungua gramu mia kwa usiku mmoja. Ananyonya kweli? Mama ana maziwa? Simu zilipigwa mpaka saa sita za usiku.

Mtoto hakupungua hata chembe. Kosa lilikuwa ile nukta. Wakia sita si sehemu sita za kumi, ni sehemu sita za kumi na sita, yaani 0.375 ya ratili. Njia salama ni kugeuza zote ziwe wakia kwanza: 7 mara 16 ni 112, ongeza 6, unapata 118. Kisha zidisha kwa gramu 28.35. Jibu ni 3,345, sawasawa na kadi.

Aliyeligundua kosa ni bibi mwenyewe. "Hizo ni ratili, mwanangu. Ratili ina wakia kumi na sita." Alijifunza hayo dukani kwa baba yake, akiwa hajui neno la Kiingereza.

Na alikuwa nayo haki. Zamani Unguja wakia ilikuwa uzito wa riale moja ya fedha ya Maria Theresa, gramu 28 na kidogo, karibu sawa na wakia ya Kiingereza. Ratili ilikuwa wakia 16, na frasila ya karafuu au pembe ilikuwa kama ratili 35. Kwa hiyo anayedhani tunatafsiri vipimo vya wageni anakosea. Mizani hiyo tulikuwa nayo. Hata jina lenyewe lina udugu: wakia tumeipata kwa Waarabu, nao asili yake ni *uncia* ya Kilatini, ambayo ndiyo iliyozaa neno la Kiingereza pia.

Tunakiri kwamba kwetu siku hizi ni kilo tu, na kwamba vijana wengi wanasema paundi bila kukosewa na mtu. Lakini hapa London neno hilo linabeba mzigo mara mbili. Nendeni soko la Ridley Road, Dalston. Tangu mwaka 2000 sheria inataka vyakula visivyofungashwa viuzwe kwa kilo, ingawa bei ya ratili inaruhusiwa kuandikwa pembeni. Na meza ya jirani inauza pilipili kwa bakuli, bakuli paundi moja. Sasa mtu akuagize "nyanya za paundi mbili". Utatoa fedha au utapima? Ukisema ratili mbili, hakuna wa kukuuliza.

Na wengi wetu tunawakalimania wazee kliniki na dukani. Huko hatuwezi kubahatisha nukta.

Rekebisho tumeshampa mhariri: wakia, gramu 28.35, ratili, wakia 16, gramu 453.6. Tumeongeza mstari mmoja kwa wasomao habari za madini katika magazeti ya nyumbani: wakia ya dhahabu ni nyingine, ina gramu 31.1, msiichanganye na ya nyanya.