Fotei ya saloni isiwe gala ya mavumbi ya mugodi

Bwana mufanyakazi, mama wa nyumba, fanyeni jaribio hili leo. Mupige muto wa fotei yenu mara moja na kiganja, karibu na dirisha, wakati jua linaingia. Munaona mavumbi yanapanda? Basi mukumbuke ni nani analala pale muchana: mutoto wenu.

Katika nyumba nyingi, fotei ikichafuka, watu wanasema mama ni muvivu. Sisi hatukubali. Mavumbi ya mugodi hayatoki jikoni. Yanaingia na viatu na nguo za kazi. Baba anarudi na uchovu, anaikaa na salopeti yake, na mutoto anamurukia. Lakini mavumbi ya mawe yenye silika yanaharibu mapafu ya mwenye kuyavuta miaka mingi, na yale ya kobalti yanaweza kuleta pumu na ugonjwa wa ngozi. Mwaka 2018, watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao wa Kasulo, mutaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Wakaaji walikuwa na kobalti nyingi katika mukojo na damu kupita watu wa mutaa mwingine, na zaidi sana watoto.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya baba: oga kazini, acha salopeti na viatu kule. Kisha, kila juma, mupanguse fotei na kitambaa chenye maji kidogo. Mito ipigwe inje, mbali na watoto.

Lakini kuna wakati mikono ya nyumbani haitoshi. Muite fundi wa fotei kama:

– muto umeanikwa juani siku nzima, na harufu mbaya inarudi;
– munapangusa kila juma, na mavumbi yanaendelea kutoka ndani;
– maji ya mvua ao mukojo umeingia mpaka katika musi, na ukungu mweusi unaonekana.

Na mutoto akikohoa kila mara anapoikaa pale, mumupeleke kwanza kwa munganga.

Fundi atafungua kitambaa, atakifua peke yake, na atabadilisha musi yenye kuoza. Ninyi musimwange maji mengi: musi haikauki upesi. Musisafishe na esansi, inawaka moto. Musichanganye javeli na dawa ingine, inatoa hewa ya sumu.

Wengine wananunua kitambaa kizuri na kufunika fotei chafu. Hiyo ni kufunika kidonda bila kukiosha. Kama feza ni kidogo, muanze na fotei moja, ile mutoto analalia. Heri fotei mbili safi kuliko sita za kuonyesha wageni.

Usalama hauishii kwenye mulango wa mugodi. Unaingia na wewe nyumbani, ao unaubakisha inje pamoja na viatu vyako. Chagua wewe mwenyewe.