Fungueni Kabati, Watoto Wasome

Kuna msemo unaorudiwa semina hadi semina, kijiwe hadi kijiwe, mpaka watu wameuchukua kuwa ni ukweli: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kitabuni. Wanaoupenda huongezea kwamba ugonjwa huu huanzia utotoni, kwamba watoto wa siku hizi wao ni simu na katuni tu. Ni uongo, tena uongo unaotuponza, kwa sababu unambebesha mtoto lawama iliyo yetu sisi wakubwa.

Mtazame mtoto aliyenunuliwa karanga. Zikiisha, karatasi haitupi. Huinyoosha juu ya goti, akafuta mafuta kwa kiganja, akaanza kusoma kipande cha gazeti la mwezi uliopita: nusu habari ya mpira, nusu tangazo la kiwanja. Habari ikikatikia pale karatasi ilipochanwa, anamgeukia mama: "Halafu ikawaje?" Mpandishe daladala, atakusomea kila kibao kwa sauti kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Huyu ndiye tunayesema hapendi kusoma?

Waliosoma zamani kidogo wanalikumbuka jarida la Sani. Nakala moja, na wahusika wake wa katuni, Madenge na Ndumilakuwili, ilipita chini ya madawati darasa zima hadi jalada likabanduka, na aliyekamatwa nayo alijua kinachomngoja. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni; wanafunzi waliisoma kwa kujificha. Asiyependa kusoma hakubali kuchapwa kwa ajili ya kitabu.

Wenzetu wa Kenya, mwaka 1996, walianza kuwapelekea vitabu watoto wa wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Hawakusubiri wafugaji wathibitishe kwanza kwamba wana utamaduni wa kusoma. Walifunga masanduku, wakatandika mikeka, watoto wakaja.

Sasa njoo kwenye shule zetu za msingi. Vitabu vya hadithi, pale vilipofika, mara nyingi vimo kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, chini ya kufuli. Nimeviona. Bado vinanukia wino, na kurasa zake zimeshikana kwa kuwa hakuna kidole kilichowahi kuzipekua. Sababu yake naielewa, na simlaumu mwalimu. Kitabu kimeandikwa kwenye leja. Kikipotea, yeye ndiye wa kujibu. Kilichochanika kinamletea maswali, lakini kilichokaa kabatini miaka mitano bila kuguswa hakuna anayekiulizia. Tumeweka utaratibu unaomwadhibu anayeazimisha na kumsifu anayefungia, kisha tunashangaa watoto hawasomi!

Na nyumbani hatuna nafuu. Mtoto anauliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, anaambiwa maswali yake yamezidi. Akionekana na kitabu cha hadithi, anaambiwa aache mchezo, ashike cha shule, hadithi hazimo kwenye mtihani. Zimo. Ufahamu ni hadithi, insha ni hadithi, hata swali la hesabu la Juma na maembe yake linataka mtoto aliyezoea kufuata sentensi hadi mwisho.

Kwa hiyo tuache kuhubiri utamaduni wa kusoma na twende kwenye leja. Halmashauri ziruhusu vitabu vilivyochakaa kwa kusomwa vifutwe kila mwaka, bila mwalimu kudaiwa hata senti. Na mkaguzi akifika shuleni, kabla ya kuhesabu chochote, aombe kuonyeshwa kitabu cha hadithi kilichochakaa kuliko vyote. Akionyeshwa kabati lililojaa vitabu vipya tupu, hiyo ndiyo aiandike kuwa hasara.