Umbali Si Muda wa Safari

Katika madarasa mengi umbali baina ya miji miwili hufundishwa kwa rula na ramani. Mwanafunzi hupima sentimita, huzidisha kwa kipimo cha ramani, naye huhesabiwa kuwa amekwisha kuijua safari. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haijakamilika.

Ghuba ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, ni ushahidi wa kutosha. Tarehe 24 Aprili, 1498, Vasco da Gama aliondoka Malindi akiongozwa na rubani aliyezijua pepo za kusi, na tarehe 20 Mei akafika Calicut. Umbali huo, unaozidi kilomita 4,200, ulimchukua siku 26. Wakati wa kurudi hakungoja pepo za kaskazi zishike. Aliondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba, wala hakuiona pwani ya Mogadishu mpaka tarehe 2 Januari, 1499. Bahari ilikuwa ile ile, lakini siku zilikuwa 89. Kiseyeye kiliua mabaharia wengi hata waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote. Ndipo São Rafael ilipoteketezwa kwa moto huko Mtangata, yaani Tongoni.

Katika zama za ndege somo halijabadilika. Dar es Salaam na Mumbai, miji iliyounganishwa na ndege za shirika la taifa mwaka 2019, zimetengana kwa karibu kilomita 4,700, nayo ndege huruka takriban saa sita. Ikiondoka saa kumi jioni, hutua wakati saa za Mumbai zinaonyesha saa sita na nusu usiku. Mwanafunzi asiyefundishwa kwamba Mumbai imetangulia kwa saa mbili na nusu atatoa jibu la saa nane na nusu, naye atakuwa amekosea.

Sasa na atazamwe mkazi wa Tongoni. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 190. Barabara, kwa kuzunguka Segera na Chalinze, ni karibu kilomita 350, na basi huweza kuchukua saa sita. Muda huo ni sawa na ule wa kuvuka bahari kwenda India, tena haujahesabiwa mwendo wa kutoka Tongoni hadi kituo cha mabasi cha Tanga.

Kwa hiyo, mtumishi anayepanga rufaa ya mgonjwa, au anayewaita walimu mjini kwa kikao cha asubuhi, hana budi kuhesabu saa tangu mlangoni kwa msafiri, pamoja na saa za kungojea chombo. Walimu nao wawazoeze wanafunzi kuuliza maswali mawili badala ya moja: ni mbali kiasi gani, na huchukua muda gani kufika? Kazi hiyo haihitaji fedha wala kibali. Yahitaji uangalifu tu.